Kabla Hujapanda: Maandalizi ya Kijana Anayeanza Kukata Miti ya Majumbani

Simu zetu huita sana mwezi wa Machi, mawingu ya masika yakianza kujikusanya. Mama mwenye nyumba ameishi na mwembe wake miaka 20 bila wasiwasi, jana upepo umeangusha tawi juu ya bati la jirani, sasa anataka mtu aje leo leo. Kijana mwenye panga na kamba begani anaona riziki imepiga hodi. Anajibu "nakuja" kabla hajajua ni mti gani.

Usiende na vifaa. Nenda jioni ya siku iliyotangulia, mikono mitupu, uuzunguke mti kama mtu anayenunua ng'ombe. Ukiwa na msumeno mkononi utatafuta pa kuanzia. Mikono ikiwa mitupu utatafuta kasoro.

Anza chini. Uyoga ulioota kwenye shina au mizizi ni dalili kwamba ndani kuna kuoza, hata kama juu majani yamestawi. Udongo uliopasuka upande mmoja na kuinuka upande mwingine maana yake mizizi imeanza kuachia. Gonga shina kwa mgongo wa panga, sehemu moja baada ya nyingine: mti mzima hutoa sauti nzito iliyokufa, wenye uwazi hulia kama ngoma. Kisha inua macho kwenye panda. Mahali vigogo viwili vimebanana vikiwa na gamba katikati yao, usipategemee kufungia kamba yako. Na ujue unapanda mti gani. Mwembe na mwarobaini huvumilia. Mparachichi na msufi huvunjika bila kukuaga, hasa baada ya mvua, tawi likiwa limebeba maji.

Sasa waya. Hapa sina mzaha. Waya za kuingia nyumbani zina volti 230, na hizo zinatosha kuua. Zile za njia kubwa zina volti 11,000 au 33,000, na umeme wa kiasi hicho hauhitaji uguse waya, ukisogea tu huruka. Tawi bichi limejaa maji, kwa hiyo hupitisha umeme hadi kwako. Kama tawi lolote linaweza kuangukia waya, au kamba yako inaweza kupepea hadi hapo, kazi hiyo si yako bado. Mwenye nyumba aende ofisi ya TANESCO ya eneo lake, wazime laini au waje kukata wenyewe. Usikubali maneno ya "nimeshaongea na fundi mmoja, amezima." Fundi huyo hayuko juu ya mti.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, kaa kimya dakika kumi ukitazama mashimo ya shina. Nyuki hurudi nyumbani saa hizo, utawaona wakiingia. Mimi mwaka wangu wa pili sikukaa. Nilipanda mfenesi asubuhi, nikawasha msumeno, na ule mtikisiko ukawatoa wote kwa mpigo. Nilishuka kwa kamba bila glavu. Viganja viliungua hadi sikuweza kushika kijiko wiki nzima, na bado nilikuwa mwenye bahati, kwa sababu aliyeng'atwa usoni alikuwa mwenzangu aliyesimama chini. Nyuki hahitaji kuchomwa moto. Mfugaji nyuki humhamisha usiku, na wengine hufurahi kumpata. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya miembe, hawaui, ila wakikuingia shingoni utaachia kitu ambacho hukupaswa kuachia. Nyoka wa kijani wa Pwani wapo, hasa kwenye miembe na mikorosho mizito. Tikisa matawi kwa ufito mrefu kabla ya kupanda, uwape nafasi ya kuondoka. Utomvu wa mwembe na mkorosho huwasha ngozi, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni safari ya hospitali, kwa hiyo mikono mirefu na miwani hata kama joto linakutukana.

Ukikuta mkuyu au mbuyu una kitambaa kimefungwa shinani, au chetezo na maganda ya nazi pale chini, shusha pumzi. Mwenye kiwanja anaweza kuwa amekinunua mwaka jana tu. Uliza wazee wa mtaa kwanza. Si lazima uamini wanachoamini, lakini utafanya kazi na watu hao miaka mingi.

Kibali: pitia kwa mtendaji wa mtaa, naye atakuelekeza kwa afisa misitu wa halmashauri, hasa kama mti unaangushwa wote. Msumeno wa mnyororo nao una utaratibu wake wa usajili, uulizie kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Siku moja ya kuzunguka ofisini ni rahisi kuliko kunyang'anywa chombo.

Tuje kwenye kamba, maana hapo ndipo vijana wengi hubania pesa. Kamba ya katani hunyonya maji na kuoza ndani wakati nje inang'aa. Ile ya plastiki ya buluu ya duka la vifaa vya ujenzi inafaa kushushia vipande vidogo, basi. Jua huikausha na msuguano huiyeyusha. Tafuta kamba ya kupandia yenye unene wa milimita 12 au 13, yenye lebo ya kiwanda. Kwenye karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, tafuta maandishi 22 kN au zaidi, yaani inahimili zaidi ya tani 2. Ukinunua ya mtumba, ipitishe yote kati ya vidole, sentimita kwa sentimita, ukitafuta pagumu, palipovimba au palipong'ara kwa joto. Ukipapata, ikate uifanye kamba ya mizigo. Unapokata, uwe umefungwa mara mbili: kamba kuu, na mkanda wa pili unaozunguka shina, ikiwezekana wenye waya ndani. Msumeno hukata kamba kwa kufumba na kufumbua, na hauulizi ni kamba ya nani.

Fundo litakalokubeba lijifunze ukiwa chini. La Prusik, linaloitwa kwa jina la mpanda milima wa Austria Karl Prusik aliyelitangaza mwaka 1931, huteleza ukilisukuma kwa mkono na hubana uzito ukiliangukia. Ning'inia nalo nusu mita kutoka ardhini wiki nzima. Watoto watakucheka, waache.

Msumeno wa mnyororo mwaka wa kwanza uache chini. Naona kijana akijifunza kwa msumeno wa mkono uliopinda huwa mkataji bora, kwa sababu mkono unamlazimisha kufikiri kabla ya kila tawi. Ukifika wakati wake: oili ya tustroku mililita 100 kwa petroli lita 5 kwa mashine nyingi za kisasa, lakini soma maandishi ya yako, oili ya mnyororo ni nyingine, na ina tangi lake. Mnyororo ukitoa unga badala ya makombo, ni butu, chukua tupa. Usikate kwa ncha ya juu ya ubao wake, lile bapa linalobeba mnyororo, hurusha msumeno usoni, na usikate juu ya bega. Masikio yazibe, kelele yake hufika desibeli 110.

Kuhusu mkato wenyewe, wateja hupenda mti "unyolewe" kipara au tawi likatwe lilingane na shina. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti na kuonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi. Hukizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta huo hujengwa kwenye kile kivimbe cha tako la tawi, kwa hiyo kata nje yake kidogo, usikikwangue wala kuacha kisiki. Tawi zito lipe mikato mitatu: kwanza kwa chini, sentimita 30 kutoka shina, hadi robo ya unene, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, lidondoke bila kuchana gamba, mwisho ukiondoe kile kipande kilichobaki.

Usipande peke yako. Na anayekaa chini asiwe mpwa wa mwenye nyumba aliyeletwa kusaidia. Awe mtu anayejua kupanda, mwenye mkanda wake wa kupandia tayari amevaa. Aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa ndani ya dakika chache, na hao wa Zimamoto, namba 114, hawatafika kwa dakika hizo. Kubalianeni ishara za mikono, maana hamtasikiana. Simu yako abaki nayo yeye, pamoja na vitambaa safi vya kukandamizia damu, na bodaboda mnayemfahamu awe karibu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa mwajiriwa ambaye mwajiri wake anachangia, lakini wewe wa deiwaka huna mwajiri, hivyo weka bima ya afya ndani ya bei yako kabla ya kutaja bei yenyewe.

Anza saa 1 asubuhi. Dar upepo wa baharini huamka mchana, nao hubadili tawi lililokuwa tulivu. Na kabla hujagusa mti, malizana na mteja kuni ni za nani, kisha zungushia eneo utepe, mara mbili ya urefu wa mti. Habari za mwembe unaokatwa husafiri haraka: mchoma mkaa na mama wa chapati watafika wakiwa na toroli hujakata hata tawi la pili, kila mmoja akidai ameahidiwa, na ugomvi wao watauleta pale pale, chini ya msumeno wako.