Kumtumia Mjukuu Aliye Mbali Picha kwa Posta

Mjukuu anayekulia London au Toronto anahitaji kitu cha kushika mkononi, si sauti ya simu pekee. Chagua picha ya jambo dogo la nyumbani, kama matoke yanayomenywa au mbuzi aliyezaa juzi, uisafishe studioni kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kisha uibandike kwenye karatasi ngumu, hata ya boksi la biskuti, na kuikandamiza kwa vitabu usiku kucha ili isijikunje.

Nyuma yake piga mstari wa wima: kushoto ujumbe, kulia anwani, jina la nchi likiwa mwisho kwa herufi kubwa, na stempu juu kulia. Ujumbe uwe na swali ambalo mtoto anaweza kulijibu. Kwangu hilo lina uzito kuliko salamu ndefu. Kwa kuwa hapa Uganda barua nyingi huchukuliwa kwenye sanduku la posta, andika pia namba ya sanduku la kupokelea jibu: lako, au la kanisa, msikiti au shule iliyokuruhusu. Zipe kadi namba kwa mfuatano, ili mjukuu atambue iliyopotea njiani.