Somo: Burleski huanzia kwenye vifungo

Dada watatu wameniomba somo hili. Wawili wanataka kujifunza, na wa tatu amealikwa tu kwenda kutazama, London, na anaogopa kufanya jambo la aibu ukumbini. Nimewaandikia wote pamoja, kwa sababu mchezaji asiyemjua mtazamaji wake hafiki mbali. Ni somo la watu wazima, miaka 18 na kuendelea.

Kwa asiyeijua: burleski ni mchezo wa jukwaani ambapo mchezaji huvua mavazi kidogo kidogo kwa muziki, kwa madaha na utani, akabaki na nguo ya ndani na vibandiko vya chuchu, mara nyingi vyenye vishada. Jina limetoka kwenye neno la Kiitaliano, burla, yaani mzaha. Lydia Thompson alivuka bahari na kundi lake kutoka Uingereza hadi New York mwaka 1868, wanawake waliovaa taiti na kuigiza nafasi za wanaume, na mji ukashtuka. Kuvua nguo kulikuja baadaye, Marekani. Mwaka 1937 wakubwa wa New York wakazinyima leseni kumbi za burleski, zikafungwa. London nako, kwenye ukumbi wa Windmill, mwanamke aliruhusiwa kusimama uchi kama sanamu mradi asitikisike hata kidogo. Sanaa hii ilifufuka miaka ya 1990, na safari hii wengi walioifufua ni wanawake wenyewe, wakijishonea mavazi na kujiamulia kitakachoonekana na kitakachobaki siri.

Kwangu mimi jambo kubwa liko hapo. Vazi ndilo linalosema. Ukiujua mwili wako vizuri lakini hujui gauni lako linafunguka vipi, bado huna mchezo.

Hatua ya kwanza: wimbo

Chagua wimbo kabla ya nguo. Dakika tatu hadi nne na nusu zinatosha, na mwanzoni tafuta wimbo wenye sehemu zinazojulikana wazi: utangulizi, beti, kiitikio, kishindo cha mwisho. Uandike kwenye karatasi kwa sekunde. Mimi nilianza na ala tupu ya taarabu ya zamani, fidla na ganuni, kwa kuwa utangulizi wake mrefu ulinipa nafasi ya kutembea tu jukwaani bila kugusa kifungo. Waingereza walikaa kimya wakisikiliza, na nilipovuta kidole cha kwanza cha glavu ukumbi wote ulikuwa wangu.

Hatua ya pili: vazi, na hapa tukae

Pangilia nguo kwa mpangilio wa kuvuliwa, ya nje kwanza, na kila nguo ipe mahali pake katika wimbo. Kwa anayeanza, vitu vitano vinatosha: glavu, sketi au gauni, soksi ndefu, korseti (vazi la kubana kiuno) au sidiria, na mwisho vibandiko. Kila kitu kiwe na njia moja ya kufunguka, ambayo mkono wako unaijua gizani.

Zipu ndiyo adui mkubwa. Ipake nta ya mshumaa au sabuni kavu, na ukate bitana yote iliyo karibu na meno yake. Ikiwa iko mgongoni, funga utepe kwenye ulimi wake ili uufikie bila kujipinda. Bora zaidi, iondoe kabisa, shona ndoano mbili kubwa kiunoni na vishikizo vya kubana chini yake. Hata vifungo vya mbele havina haja ya matundu: shona kishikizo cha kubana kwa ndani na kifungo cha urembo juu yake. Mtazamaji ataona unafungua vifungo kumi taratibu, kumbe unaviachanisha kwa ncha ya kidole. Velkro usitumie. Ina kelele, na inazirarua soksi.

Glavu: pete vua zote, tia poda ndani, na kabla ya kuivuta legeza kila kidole kimoja kimoja. Ukitaka kutumia meno, ng'ata kitambaa kwenye ncha ya kidole cha kati, kisha uvute mkono; usivute kichwa. Glavu moja inaweza kula ubeti mzima, na ni pambo zuri kuliko kuvua nguo tatu kwa haraka.

Korseti yenye vyuma vya mbele haifunguki ikiwa kamba zimekazwa hadi mwisho. Acha nafasi kidogo mgongoni, sukuma pande mbili za mbele zikaribiane, na vyuma vitaachana vyenyewe. Fanya hivyo unapotoa pumzi. Soksi ndefu zenye vishikizo: fungua cha nyuma ya paja kwanza, kisha cha mbele, na kiatu kitoke kabla ya soksi.

Onyesho langu la pili zipu ilinasa kiunoni. Nilivuta, ikakataa, nikavuta tena, na wimbo ukaisha nikiwa bado na gauni mwilini. Nilitoka nikalia sana, kwa kuwa nilikuwa nimeandaa kazi ile miezi miwili. Mchezaji mmoja mkubwa kwangu kiumri akanikumbatia, akaniambia kosa halikuwa zipu, kosa lilikuwa kwamba niliacha kuwatazama watu na kuanza kuitazama zipu. Tangu siku hiyo kila vazi langu lina njia ya akiba. Gauni likikataa kushuka linapandishwa na kutolewa kichwani, na nimeifanyia mazoezi njia hiyo kama ile ya kwanza.

Kuhusu rangi. Kinachouzwa madukani kwa jina la "rangi ya mwili" mara nyingi ni rangi ya mwili wa Mzungu, na kwetu kinaonekana kama bandeji. Kitambaa cha wavu cha nailoni kinaweza kulowekwa kwenye chai kavu nzito sana mpaka kikaribie rangi yako. Viatu vya kitambaa hupakwa fondesheni yako mwenyewe kwa sponji. Dada zetu weusi wamekuwa kwenye sanaa hii tangu zamani. Josephine Baker alitikisa Paris mwaka 1926 na sketi yake ya ndizi pale ukumbi wa Folies Bergère. Toni Elling wa Detroit alijiita hivyo kwa heshima ya mwanamuziki Duke Ellington, akapanda jukwaani enzi ambazo wachezaji weusi walifungiwa milango mingi. Usiingie ukidhani wewe ni mgeni.

Hatua ya tatu: vibandiko

Tepu ya pande mbili ya kubandikia wigi ndiyo niliyoizoea, na wengi wetu tunayo nyumbani. Ukitumia gundi ya ngozi, ijaribu kwanza ndani ya mkono, siku moja kabla. Siku ya onyesho usipake mafuta wala losheni kifuani. Safisha, kausha, bandika, kandamiza na ukae hivyo kidogo mpaka vishike. Kuvitoa ni kwa mafuta ya nazi, taratibu. Ukivuta kavu unachuna ngozi.

Hatua ya nne: mazoezi

Fanya na nguo zote na viatu vyote, si kwa kuigiza hewani. Ukifika mara kumi bila kukosea, jirekodi. Utagundua unakwenda mbio, kila mtu huenda mbio. Kabla ya kila nguo kutoka, tazama watu, tazama nguo, tazama watu tena. Kutazama kule kwa mara mbili za mwisho ndiko kunakoleta shangwe.

Hatua ya tano: usiku wenyewe

Beba sindano na uzi, pini, tepu ya akiba, na kanga ya kujifunika ukiwa nyuma ya jukwaa. Wimbo uwe kwenye flashi na kwenye simu pia. Mwandikie mshereheshaji jina lako la jukwaani jinsi linavyotamkwa. Uliza nani anaokota nguo baada yako. Huko humwita paka wa jukwaa, na kazi yake ni ya heshima. Mpe idadi: glavu mbili, soksi mbili, sketi moja. Pita jukwaani peku kabla ya watu kuingia, maana shanga moja iliyodondoka inatosha kukuangusha. Na ukumbini usizunguke na vazi la onyesho. Funika.

Kwa aliyekaa kitini

Piga kelele. Ukumbi wa burleski si kanisani wala si tamasha la piano, na ukimya unamuumiza mchezaji, anadhani amekosea. Sisi tuna bahati, tuna vigelegele. Nimewahi kusikia kigelegele kimoja kutoka safu ya nyuma London, nikajua kuna mtu wa nyumbani mle ndani, na miguu yangu ikawa myepesi.

Sifia anachofanya. Usimpigie kelele juu ya unene wake, wembamba wake au kile unachotaka kumfanyia. Usimguse hata akipita karibu na kiti chako, hata akikutania. Kama hutaki kuchezewa, usikae mbele. Simu iwe mfukoni mpaka mshereheshaji aseme picha zinaruhusiwa. Na ukimtambua mchezaji kwamba ni binti wa fulani, jina lake ukumbini ni lile alilotangaziwa.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Birmingham: Shikamoo dada. Mimi nimezaa mara tatu, tumbo lina michirizi na nyama za pembeni. Je, watanicheka?*

Marahaba, mdogo wangu. Hawatakucheka. Kwenye burleski utaona wanawake wa miaka 60 na wanene kuliko wewe wakishangiliwa mpaka taa zinatetema. Ila nakuomba usichague nguo ya kuficha tumbo halafu ukaogopa kuivua. Ama tumbo libaki limefunikwa mwanzo hadi mwisho, kwa suruali ya kiuno kirefu, na hilo ni uamuzi wako halali; ama lionekane mapema, katikati ya wimbo, ili lisibaki likikusumbua. Nusu nusu ndiyo inayomfanya mtu ashike kiuno muda wote.

*Kutoka Leeds: Dada, mimi ni mwanamume, wenzangu kazini wamenialika. Kwetu Zanzibar mwimbaji wa taarabu ukimpenda unainuka, unakwenda kumtunza noti mkononi. Na huku nafanyaje?*

Kaka, swali zuri, na nimeona mtu akijikwaa hapo. Usiinuke. Kumtunza mwimbaji kwetu ni sehemu ya mchezo, anakungoja na anakujua. Hapa ukimsogelea mwanamke aliyebaki na nguo ya ndani, hata na noti, yeye na walinzi watafikiri kitu kingine. Marekani kuna kumbi nyingi ambako watu hutoa tuzo, kwa ndoo inayopitishwa au kwa kurusha jukwaani, na mshereheshaji hueleza utaratibu mwanzoni. Uingereza si kawaida sana. Sikiliza mshereheshaji, asipotaja, pesa yako ni tiketi, na tuzo yako ni sauti.

*Kutoka Dar es Salaam: Mpenzi, naweza kufanya hivi kwenye kicheni pati ya mdogo wangu?*

Kwa ukumbi wa wanawake watupu, ndani ya familia, nakushauri uchukue mchezo wa glavu na kanga tu. Glavu ndefu mbili, kanga tatu moja juu ya nyingine, na chini yake gauni kamili. Unavua kanga mbili, ya tatu unamfunga bibi harusi. Zungumza na kungwi kwanza, kwa sababu ile ni shughuli yake na huwezi kumpiku mbele ya mwari wake. Simu zikusanywe mlangoni. Lakini jukwaa la wazi la kulipia kiingilio ni jambo lingine kabisa: kuna vibali vya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kuna suala la maadili, na wapo wachezaji wa ngoma waliokwisha kuzuiwa kwa mavazi kidogo kuliko hayo. Usijaribu.

*Kutoka Reading: Dada, wewe familia yako wanajua? Mimi naogopa picha.*

Wanajua, na hawakujua kwa hiari yangu. Mtu aliyekuwa mezani alinipiga picha kwa kujificha, akaituma kwenye kundi la jamaa, na kabla sijavua viatu mama yangu alikuwa ameshaamshwa Tanga. Tulikaa miezi minne hatuzungumzi. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumwambia mwenyewe, kwa maneno yangu, na mtu akaninyang'anya nafasi hiyo. Kwa hiyo nakwambia: jina la jukwaani lisifanane na lako, akaunti za jukwaani zisitumie namba yako ya simu, mwambie mwandaaji kabla ya kukubali kazi kwamba hutaki picha za watazamaji, na usiende asiposema ndiyo. Na kama kuna mtu mmoja ambaye ungependa asikie kutoka kwako, mwambie kabla ya onyesho la kwanza.

*Kutoka London: Nina mgahawa, nataka kuweka usiku wa burleski. Nahitaji leseni maalumu?*

Kwa Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2009 iliwapa halmashauri uwezo wa kudai leseni ya burudani ya ngono, na burleski huweza kuingizwa humo kutegemea onyesho lenyewe na halmashauri yenyewe. Kuna msamaha: ukumbi usiofanya zaidi ya mara 11 ndani ya miezi 12, kila mara isizidi saa 24, na ukipita angalau mwezi kati ya moja na nyingine. Usitegemee hilo peke yake. Waandikie halmashauri yako, waeleze kitakachovuliwa na kitakachobaki, ungoje jibu la maandishi. Na wachezaji wape chumba chenye mlango unaofungwa. Choo cha wateja si chumba cha kubadilishia nguo.

*Kutoka Toronto: Vishada vyangu havizunguki. Natikisa mabega mpaka nachoka.*

Acha mabega, shoga. Inua mikono juu ili kifua kikae juu, simama kwa vidole vya miguu, na uchezeshe magoti, midundo midogo ya haraka. Vishada vitaanza vyenyewe. Vikigoma, ni vyepesi mno. Shona ushanga mmoja kwenye ncha ya kila kimoja.