Mahindi yakiliwa na wadudu, uliza kwa maneno uliyonayo

Usisubiri upate sentensi nzuri ndipo umwandikie bwana shamba au kundi la wakulima la WhatsApp. "Mahindi yangu yanaliwa, nisaidieni" inatosha kuanzia, hata herufi zikikosewa. Ujumbe wa sauti pia ni sawa. Kinachochelewesha jibu ni kukosa picha na umri wa zao.

Piga picha tatu: shamba kwa mbali, jani lililotoboka, na mdudu mwenyewe kwa karibu. Mtafute katikati ya mmea majani machanga yanapochipukia, kwenye kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Kichwa na mkia vyote vionekane, kwa sababu kiwavijeshi vamizi, kiwavi anayeshambulia sana mahindi, ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia madoa manne yaliyojipanga kama mraba. Picha yenye ukungu huficha alama hizo, na hapo ndipo mtu huambiwa anunue dawa isiyofaa.

Kisha taja wiki ngapi tangu upande, mahali ulipo, dawa uliyokwisha kupiga na kipimo ulichoweka kwa bomba moja la kupulizia. Jina la dawa likikushinda kuandika, piga picha ya lebo.