Kabla hujanunua koti la theluji, niambie unakwenda mji gani

Nauza mitumba ya baridi hapa Kasulu. Mtu akisimama mezani akasema, "Mama, safari ya Marekani imeiva, nitafutie koti," mimi namuuliza mji kwanza, koti baadaye. Wengine hukasirika kidogo, wanadhani napima mfuko wao. Lakini mdogo wangu anaishi Buffalo, mtoto wa dada yangu yuko Minneapolis, na wateja wangu wa zamani walioondokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wametapakaa kuanzia Boise hadi Portland ya Maine, wengine Kentucky, wengine Texas. Wote hao wananipigia simu, kusalimia na kulalamika, na baridi wanazozisimulia hazifanani hata kidogo.

Minneapolis ndiko kwenye baridi yenyewe. Wastani wa Januari ni nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na Januari 2019 ilishuka mpaka 33 chini ya sifuri, hapo upepo bado hujauhesabu. Ni baridi kavu. Theluji unaipangusa begani inaanguka kabla haijakulowesha. Upepo ukiwa mkali, pua, masikio na vidole vinaweza kudhurika ndani ya nusu saa, pengine mapema zaidi. Dalili ni ganzi, na ngozi zetu hizi hugeuka kijivujivu. Usisugue, wala usisogeze mkono motoni, maana hutasikia unavyoungua. Ingia ndani, tumbukiza vidole kwenye maji ya uvuguvugu, na hisia zisiporudi nenda hospitali.

Buffalo haina baridi kali kiasi hicho, ila theluji yake ni balaa: kwa mwaka huanguka kama sentimita 240. Inaletwa na ziwa. Hewa baridi inapita juu ya Ziwa Erie, ambalo maji yake bado yana joto la kiangazi, inabeba mvuke, ikifika nchi kavu inaumwaga. Erie ni ziwa la kina kifupi, kwa hiyo likishaganda mvuke unapungua na theluji nayo inapungua. Mkanda wa theluji ni mwembamba: Novemba 2022, Orchard Park, kusini ya mji, ilizikwa na theluji ya karibu mita 2 huku mitaa ya kaskazini ikipata kidogo tu. Ndiyo maana mdogo wangu hasikilizi utabiri wa "Buffalo", anasikiliza wa mtaa wake. Desemba ile ile, siku za Krismasi, dhoruba iliua watu zaidi ya 40 mjini na kandokando yake. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine majumbani. Ukikaa huko, kuanzia Novemba weka ndani unga, maharage, dagaa, maji na dawa za siku kadhaa. Wakitangaza magari yasitembee, usitoke, hata kama bosi anapiga simu.

Boise sina mengi ya kusema. Theluji mjini si nyingi, ila ukungu wa baridi hukwama bondeni siku mfululizo. Masweta mawili na koti la kawaida vinatosha.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wa Kentucky na Texas, kwa sababu huondoka hapa wakisema "kwetu si kwenye theluji". Kentucky huletewa mvua inayoganda ikigusa kitu chochote: matawi, nyaya, ngazi za mlangoni. Januari 2009 barafu hiyo iliangusha nyaya mpaka nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zikakosa umeme. Texas, Februari 2021, baridi ilikata umeme siku kadhaa katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa baridi, na wengine waliokufa waliuawa na hewa ya sumu kwa sababu waliwasha mkaa ndani au gari kwenye gereji. Hili mtu wetu analielewa, maana hata hapa mwezi wa saba wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo. Hewa hiyo haina harufu, na haina pa kutokea. Usiwashe mkaa ndani, usiwashe jenereta ndani, wala usitumie oveni ya gesi kupasha nyumba. Hakikisha king'ora cha kugundua hewa hiyo kipo na betri inafanya kazi. Umeme ukikatika, kusanyeni familia chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa blanketi, vaeni mpaka kofia.

Sasa mavazi, ambayo ndiyo kazi yangu. Ya kugusa mwili isiwe pamba. Fulana ya pamba inanyonya jasho na kubaki imelowa, na ukisimama kituoni kusubiri basi, hiyo ndiyo inayokugandisha. Vaa zile za mazoezi zinazobana na kukauka upesi. Juu yake sweta la sufu, halafu koti linalozuia upepo. Nguo tatu za kawaida zinalishinda koti moja nene, maana ndani ya maduka na mabasi kuna joto na utahitaji kupunguza.

Sufu utaijuaje? Ng'oa uzi mmoja ndani ya mshono, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, hata kama muuzaji anaapa. (Wenzangu wa meza za jirani hawapendi nikilisema hili kwa sauti.) Sufu hata ikilowa bado ina joto.

Koti la manyoya ya bata libonyeze kiganjani kisha uliachie. Lililo zima linafura lenyewe. Ukipapasa ukakuta mabonge, lilifuliwa vibaya na sehemu zilizobaki tupu zitapitisha baridi. Kwa Minneapolis ni zuri sana. Kwa Maine na Kentucky, ambako theluji mara nyingi huja na maji, manyoya yakilowa yanapoteza joto, bora lililojazwa nyuzi za plastiki. Glovu za vidole vyote pamoja zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Jaribu zipu mara kadhaa ukiwa umevaa glovu hizo.

Ukifika, kipimo chao cha joto kisikuchanganye. Wakisema 32, maji yanaganda. Wakisema 20, ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Sifuri yao ni 18 chini ya sifuri yetu. Ndani ya nyumba 68 inatosha, ni sawa na nyuzi 20. Wageni hupandisha mpaka 80 halafu wanalia bili ikija. Kabla ya kusaini chumba uliza nani analipia joto. Serikali yao ina msaada wa gharama hizo kwa wenye kipato kidogo, omba mapema. Minnesota, jimbo la Minneapolis, ina sheria ya kuzuia usikatiwe joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini ni lazima upige simu mkubaliane namna ya kulipa; ukinyamaza haikulindi. Usiku wa baridi kali acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo na ufungue makabati ya chini ya sinki, bomba lisigande likapasuka.

Kutembea kwenye barafu: hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Gari likifunikwa, fukua kwanza bomba la moshi ndipo uwashe injini. Wenye presha au moyo wasichote theluji kwa sepetu, inaua. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, sheria za kuegesha hubadilika kwa siku 3, na gari lililo upande usiotakiwa linavutwa kwa gharama yako.

Giza nalo lipo. Desemba, Portland ya Maine, jua linazama saa kumi na dakika chache jioni, na ukizoea magharibi ya hapa, ya saa moja hivi mwaka mzima, moyo unashuka. Toka nje mchana kila siku hata robo saa. Muulize daktari kuhusu vitamini D, kwani ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Kwaya, msikiti, darasa la lugha, chochote cha kukutoa nyumbani kisikupite.

Kwenye sanduku, nunua kwangu sweta la sufu, kofia ya mzula na soksi nene. Koti kubwa utanunua kule kule, na viatu pia, vyenye nafasi ya soksi nene, maana kikibana mguu unapoa. Kule nako kuna maduka ya mitumba, tena ndiko inakotoka. Koti la Minneapolis limepanda meli mpaka Kasulu, wewe ulirudishe kwa ndege likulie kilo za dagaa?