Jinsi ya kufundisha jenetiki kwa katuni za kuchekesha bila kudanganya watu

Kwanza kabisa, huhitaji kujua kuchora. Kichwa duara, mikono vijiti, macho nukta mbili, inatosha. Kinachowashinda wengi ni utani wenyewe, unakuta mtu kachora DNA imevaa miwani ya jua inasema "mambo vipi", darasa linacheka afu hamna kilichoeleweka. Kipimo changu ni kimoja tu: ukiikosea sayansi, utani ufe. Kama utani unaweza kuhamia kwenye katuni ya fizikia bila shida, hayo ni mapambo.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Moja tu. "Urithi" ni mada kubwa mno. Andika mfano: jeni iliyojificha haijafa, ipo, ila kazi yake haionekani. Ukiona sentensi inakuwa ndefu, hizo ni katuni mbili.

Hatua ya 2: Uliza nani anafanya nini ndani ya seli

Hapa ndo penye utamu. Wengi wakichora jeni inayotawala wanachora baunsa ana misuli anampa kipigo mwenzake mwembamba, watu wanacheka kweli, lakini ni uongo, maana mwanafunzi anaondoka akijua yule mwembamba kafutika kabisa, sasa sifa ikijitokeza tena kwa wajukuu anashangaa imefufukaje.

Chukua njegere za Gregor Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, za duara na zilizokunjamana, zile alizozitolea matokeo mwaka 1865. Siku hizi tunajua kinachotokea humo ndani: jeni husika inatengeneza kimeng'enya kinachosaidia kujenga wanga, na ile aina iliyoharibika imeingiliwa na kipande cha DNA katikati. Kimeng'enya hakifanyi kazi, sukari inabaki nyingi, mbegu inavuta maji na kuvimba, ikikauka ngozi inabaki kubwa inakunjamana. Kwa hiyo wala sio ugomvi, ni uvivu! Chora kiwanda cha wanga. Fremu ya kwanza, wafanyakazi wawili wanaripoti kazini, mmoja katoka kwenye chavua na mwingine kwenye yai. Fremu ya pili, mmoja anabeba magunia jasho linamtoka, mwenzake anakoroma. Fremu ya tatu, bosi anaipapasa njegere ya duara anasema "Hongereni wote wawili!"

Fremu ya nne iache tupu. Mwambie mwanafunzi: leo wamekuja wawili na wote wanakoroma, malizia wewe. Akichora njegere yenye makunyanzi, kaelewa, huna haja ya kumpa mtihani.

Hatua ya 3: Kwa mabadiliko ya DNA tumia herufi tatu tatu

Ribosomu, yaani kimashine cha ndani ya seli kinachotengeneza protini, inasoma ujumbe wa jeni herufi tatu kwa mpigo, na Kiswahili kina maneno ya herufi tatu mengi tu. Andika:

MTU AUA MBU SAA NNE

Badilisha herufi moja, U ya kwanza iwe I: MTI AUA MBU SAA NNE. Umeshapata katuni, chora mti umeshika kandambili. Sentensi bado inasomeka ila maana imeenda kwingine. Sasa rudi mwanzo ufute T, endelea kusoma tatu tatu: MUA UAM BUS AAN NE. Kila kitu baada ya hapo kimevurugika, na hapo chora ribosomu inakuna kichwa. Aina ya tatu ndo naipenda zaidi: herufi za DNA GAA zikigeuka GAG, asidi amino (tofali la kujengea protini) inayotoka ni ile ile. Fremu mbili za ving'ora na watu kukimbia ovyo, ya tatu protini imetoka vile vile inauliza "kwani kuna nini?"

Hatua ya 4: Angalia hesabu kwenye mchoro

Usichore ganda lenye mbegu nne halafu tatu duara na moja imekunjamana, wataamini kila ganda lazima liwe hivyo. Mendel alipata 5,474 duara na 1,850 zilizokunjamana, ndo ikakaribia tatu kwa moja. Chora lundo kubwa na mtu amechoka kuhesabu.

Hatua ya 5: Cheka na molekuli, usimcheke mtu

Mgonjwa hawi kichekesho, nadhani hilo halina mjadala. Ila kuna utani mmoja wengi hawauoni ubaya wake, ule wa mtoto asiyefanana na baba. Achana nao. Darasani kuna wanaolelewa na wasiowazaa, na isitoshe wazazi wawili wenye jeni iliyojificha wanaweza kupata mtoto mwenye sifa ambayo wao hawana, yaani utani wako unapinga somo ulilofundisha dakika tano zilizopita. Na ile ya kukunja ulimi kama bomba usiitumie kama mfano wa jeni moja, pacha wa kufanana wameonekana mmoja anaweza na mwingine hawezi.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla hujaisambaza

Funika maneno yote, mpe mtu ambaye hajasoma mada akusimulie anachokiona. Akisema "huyu kapigwa" wakati ulichora usingizi, usiongeze maelezo chini ya picha, chora upya hiyo fremu, mpe mto na blanketi. Maneno yakizidi mstari mmoja kwenye kiputo, punguza. Piga picha kwa simu mchana karibu na dirisha, kalamu nyeusi, karatasi isiyo na mistari.