Jinsi ya Kung'oa na Kuweka Upya Grauti ya Vigae bila Kujidhuru

Kubadilisha grauti ya bafu, yaani ule mchanganyiko unaojaza nafasi kati ya vigae, huonekana kazi ndogo, na pengine ndiyo sababu wengi huifanya mlango ukiwa umefungwa, huku wamejifunga leso tu puani. Hatari kubwa imo katika vumbi. Grauti nyingi za saruji huwa na mchanga wa silika, na zinapokatwa kwa grenda, mashine ya kukatia yenye diski inayozunguka, hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mapafu hayawezi kuzitoa zote, nayo hufanya makovu kuzizunguka. Fundi anayevuta vumbi hilo mwaka baada ya mwaka anaweza kupata silikosisi, ugonjwa usioponyeka. Vumbi hilohilo husababisha pia saratani ya mapafu.

Kwa sababu hiyo, napendelea kikwangulio cha mkono kila inapowezekana, hata kama kazi itachukua siku nzima. Fungua madirisha, watoe watoto, kisha lowanisha mistari ya grauti kidogo kidogo unapoendelea kukwangua, ili vumbi lisiruke. Barakoa ya kitambaa haifai, wala ile nyepesi ya hospitalini. Tafuta ya N95 au FFP2, aina zinazochuja chembe ndogo, uhakikishe imeshika uso pande zote, kwa kuwa ndevu huacha upenyo. Ukimaliza, usifagie pakavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Ikibidi kutumia grenda, usiimwagie maji ikiwa ni ya umeme ya kawaida. Iunganishe na mashine ya kufyonza vumbi inayofaa kwa vumbi la ujenzi. Diski ya grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na ikinasa kwenye ukingo wa kigae hurusha mashine nzima kumwelekea aliyeishika. Mafundi wengi hung'oa kinga ya diski ili waone mstari vizuri, wakafanya kazi wakiwa wamevaa kandambili na bila miwani, jambo ambalo haliwezi kutetewa kwa namna yoyote. Kabla ya kuanza, zima umeme wa bafuni, hasa palipo na hita ya kuogea, kwani nyaya zake zinaweza kuwa zimepita nyuma ya vigae hivyo hivyo.

Wapo wanaolainisha grauti kuukuu kwa asidi, kisha wakamimina jiki ili kung'arisha. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo katika bafu dogo inaweza kuua. Usivichanganye kamwe.

Grauti mpya nayo ina madhara yake. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo, hivyo anayepiga magoti juu yake kwa saa mbili, suruali ikiwa imelowa, huenda akagundua vidonda jioni wakati wa kuoga. Vaa glavu za mpira, usiisambaze kwa vidole vitupu, na nguo ikilowa ivue mara moja uoshe ngozi kwa maji mengi. Grauti ya epoksi, gundi ya kemikali inayoganda, haina saruji, lakini inaweza kuleta mzio wa ngozi unaodumu maisha yote, kwa hiyo glavu za nitrili ni za lazima. Ikirukia jichoni, iwe ya saruji au ya epoksi, suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.