Mazoezi kwa mzee mwenye kisukari aliyezoea kukaa: anzia kwenye kiti

Wazee wengi wanaofika kwetu fiziotherapia wameshaambiwa, "Mzee, tembea tembea." Ushauri si mbaya. Ila mtu aliyekaa miaka bila shughuli mapaja yake yamelegea. Akitembea robo saa magoti yanamuuma, na kesho yake hatoki. Kwa hiyo mimi naanza na nguvu za miguu, mwendo unafuata. Misuli ya mapaja na makalio ni mikubwa kuliko yote mwilini, na msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mwili ni dhaifu. Faida hiyo hudumu siku moja hadi mbili, basi zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Mwongozo huu ni kwa mtoto au mjukuu anayemsimamia mzee nyumbani, mwenye kisukari aina ya pili.

Hatua ya 1: Pitieni kliniki kwanza

Waambieni mnataka kuanza mazoezi, na muulize mambo matatu: macho, moyo na miguu. Mzee ambaye mishipa ya macho imeshaharibika vibaya asinyanyue vitu vizito wala kuinamisha kichwa chini mpaka daktari wa macho aseme. Anayebanwa kifua au kukata pumzi kwa ngazi chache tu apimwe moyo kwanza. Mwenye kidonda mguuni asitembelee mguu huo. Afanye mazoezi ya mikono akiwa amekaa.

Hatua ya 2: Jua dawa zake

Soma maboksi. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Insulini, glibenclamide na gliclazide zinaweza kuishusha, na mzee anayetumia mojawapo lazima apimwe kabla ya kuanza. Mashine ikisoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote hapa), ale kwanza ndizi moja mbivu au kipande cha mkate. Ikisoma juu ya 15 na ana kichefuchefu, kiu kali au uchovu usio wa kawaida, hakuna mazoezi siku hiyo. Pigeni simu kliniki.

Weka karibu glasi ya maji na sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuongea ovyo au kuwa mkali bila sababu, simamisha na umpime. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari, anywe, subirini dakika 15, pima tena. Kama huna mashine karibu, mpe sukari bila kusubiri kipimo. Akishindwa kumeza au akizimia, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kama anatumia dawa ya presha kama atenolol, kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio kunaweza kusionekane kabisa. Jasho ndilo litakalokuonyesha.

Hatua ya 3: Miguu na viatu

Hapa sina mzaha. Kisukari cha muda mrefu huleta ganzi, na mwenye ganzi hasikii kokoto. Nimemvua kiatu mzee aliyekuwa akipiga soga nami vizuri tu, nikakuta kifuniko cha soda kimejichora kwenye unyayo wake.

Kila siku ya mazoezi, kabla na baada, shika mguu kwa mikono yako. Washa tochi ya simu, tenganisha vidole kimoja kimoja, tazama kisigino na chini ya kidole gumba. Unatafuta wekundu, lengelenge, mpasuko, unyevu kati ya vidole, au sehemu yenye joto kuliko mguu wa pili. Ukiona kimojawapo, kutembea kunasubiri. Kisha ingiza mkono ndani ya kiatu na upapase mpaka mbele kabisa. Raba yenye nafasi ya vidole, na soksi za pamba zisizobana, zinatosha. Ndala hazifai kwa mazoezi, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba.

Hatua ya 4: Kusimama na kukaa

Tafuta kiti cha mbao kilicho imara, ukiegemeze ukutani. Cha plastiki huteleza kwenye vigae. Mzee akikaa, magoti yasipite juu ya nyonga. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto mgumu. Asogee mbele, nyayo zote zikanyage sakafu, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kifua mbele, kisha asukume sakafu kwa miguu na kusimama wima. Mikono ikae kifuani. Asipoweza, ajisukume kwa kushika mapaja.

Sasa tazama anavyorudi kukaa. Karibu wote hushuka vizuri hadi nusu, halafu hujiachia na kiti kinalia. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachojenga paja. Ashuke huku akihesabu kwa sauti moja hadi nne. Akihesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Aanze na mara tano, apumzike dakika mbili, arudie. Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Akimudu mara kumi kwa awamu mbili bila kutumia mikono, ashike chupa ya maji ya lita moja kifuani.

Ukitaka kujua anaendeleaje, hesabu mara anazosimama kwa sekunde 30 bila mikono. Kwa umri wa miaka 65 hadi 69, mwanamke akiwa chini ya 11 au mwanamume chini ya 12, miguu ni dhaifu na anaweza kuanguka kirahisi. Rudia kila mwezi.

Hatua ya 5: Kusimama imara

Ashike sinki la jikoni, anyanyue visigino mara kumi, kisha asimame kwa mguu mmoja sekunde chache. Wewe simama nyuma yake.

Hatua ya 6: Kutembea baada ya kula

Sukari hupanda baada ya chakula, hasa baada ya wali au ugali, basi hapo ndipo atembee. Dakika tano baada ya kila mlo, hata kama ni kuzunguka uani. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki, mkilenga jumla ya dakika 150 kwa wiki. Mwendo uwe wa kumwezesha kuongea lakini si kuimba. Na akikaa kuangalia televisheni, ainuke kila nusu saa.

Wakati wa Ramadhani, anayefunga kwa ruhusa ya daktari asifanye mazoezi alasiri kuelekea futari, sukari ikiwa imeshuka. Tarawehe nayo ni mazoezi, ihesabuni.

Hatua ya 7: Daftari

Andika tarehe, kipimo kabla na baada, na alichofanya. Anayetumia insulini, glibenclamide au gliclazide apimwe pia kabla ya kulala, maana sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mazoezi. Ikianza kusoma chini mara kwa mara, pelekeni daftari kliniki mapema, msingoje tarehe ya kadi. Dawa atapunguza daktari.